Kasri la Forodhani lililotawala mpaka Mikindani

Wadau wa kusini, ukitaja Makumbusho ya Kasri pale Forodhani, Unguja, wengi wanaona hayo ni mambo ya Wazanzibari na watalii. Kumbe na sisi wa Mikindani tumo!

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana maeneo. Sultani Barghash akaachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda bara, kuanzia Tungi, kusini ya mlango wa mto Ruvuma (leo ni Msumbiji), mpaka Kipini, Kenya. Mwaka 1888 pwani yetu ikakodishwa kwa kampuni ya Kijerumani. Watu hawakuulizwa, wakapinga kwa silaha, toka Pangani kwa kina Abushiri mpaka huku Mikindani. Walishindwa, na mwaka 1890 Ujerumani ikainunua pwani yote kwa maki milioni 4. Lile boma la Mikindani lilijengwa 1895.

Turudi kwenye kasri. Jina lake ni Beit al-Sahel, yaani Nyumba ya Pwani. Agosti 1896 Khalid bin Barghash alijitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 manowari zao zikapiga mizinga, na vita ikaisha hata saa moja haijatimu. Khalid akakimbilia kwa konseli wa Ujerumani. Kasri liliharibika vibaya, hili tunaloliona lilijengwa baadaye.

Masultani waliishi humo mpaka Mapinduzi ya Januari 1964, Jamshid bin Abdullah alipokimbia nchi. Alifariki Oman mwaka 2024. Jengo likawa la serikali, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho: samani za masultani, pamoja na chumba cha Bibi Salme, binti wa mfalme aliyetoroka mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani.

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Jirani yake, Beit al-Ajaib la mwaka 1883, nalo lilikuwa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, watu wawili wakafa. Mizinga ya 1896 haikuliangusha, uchakavu umeliangusha.

Boma letu lilikarabatiwa likawa hoteli. Je, zile nyumba za mawe za Mikindani zinazobomoka taratibu? Jamani, tusingoje mpaka zituangukie. Waulizeni wazee habari zake mapema.