Ruhusa za faili: kwa nini 777 si dawa

Leo tuzungumzie kosa ambalo wengi wetu tunaotumia Linux tumelionja: unafungua programu, nayo inakwambia huna ruhusa ya kuandika kwenye folda ya mipangilio iliyo ndani ya /home yako mwenyewe. Nyumba ni yako, lakini chumba kimoja umefungiwa!

Mimi lilinikuta chuoni, usiku wa kuamkia siku ya kuonyesha mradi wetu wa mwisho. Nilikuwa nimeendesha programu fulani kwenye seva kwa kutumia sudo. Nilipoiendesha tena bila sudo, ikagoma. Rafiki akanipa dawa ambayo pengine wewe pia umewahi kupewa: sudo chmod -R 777 kwenye folda yangu yote. Programu ikakubali, nikatoka kwenye seva, nikalala usingizi mzuri. Asubuhi SSH ikanikataa. Ufunguo ni uleule, seva ni ileile, lakini mlango haufunguki.

Ili kuelewa kilichotokea, turudi nyuma kidogo.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi, kwa hivyo ilibidi kila faili iwe na mwenyewe. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa tarehe 3 Novemba 1971, tayari una amri za chmod na chown. Wakati huo kulikuwa na mwenye faili na watu wengine tu. Kikundi kiliongezwa baadaye katika miaka hiyo ya 1970. Ndiyo maana leo tunaandika tarakimu tatu: mwenyewe, kikundi, wengine. 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 ni kuendesha (kwa folda, ni kupita ndani). Jumla ni 7. Kwa hiyo 777 maana yake ni kila mtu afanye atakalo.

Na zile faili zinazoanza na nukta? Rob Pike, aliyefanya kazi katika maabara hizo, alieleza mwaka 2012 kwamba zilitokana na njia ya mkato. Amri ya ls ilitakiwa kuficha majina mawili tu, "." na "..", lakini aliyeiandika akaifanya iruke kila jina linaloanza na nukta. Waandishi wa programu wakaona hapo ni mahali pazuri pa kuweka mipangilio. Lakini kumbuka: nukta inaficha, hailindi.

Somo hilo lilikuja kwa uchungu Novemba 1988, pale mnyoo wa Morris ulipoenea kwenye intaneti. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kutumia faili kama .rhosts, zinazotaja mashine zinazoaminiwa kuingia bila neno la siri. Faili ndogo ya mipangilio, kumbe ni ufunguo wa nyumba.

Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Finland alipoandika SSH, ukali ulikuja nayo. Kwa kawaida seva ya SSH hukagua folda yako ya nyumbani, .ssh na authorized_keys. Ikiwa mtu mwingine anaweza kuandika humo, anaweza kuongeza ufunguo wake, basi SSH inakataa kuziamini. Hivyo ndivyo 777 ilivyonifungia nje.

Na chanzo cha yote, sudo? Iliandikwa mnamo 1980 katika chuo kikuu cha Buffalo, New York. Ubuntu iliifanya ya kila siku kuanzia 2004, na hadi kabla ya toleo la 19.10 la mwaka 2019, sudo yake iliendelea kutumia folda ya nyumbani ya mtumiaji. Programu ikiunda mipangilio, inaiweka nyumbani kwako, lakini mwenyewe anakuwa root.

Basi tiba ni kurudisha umiliki:

ls -la ~
sudo chown -R $USER: ~/.folda_husika

Na kama tayari umeshapiga 777:

chmod -R go-w ~
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/*

Sisi tuliokolewa na dirisha la dharura la kampuni iliyotukodisha seva, tukaonyesha mradi kwa kuchelewa, jasho likitutoka. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza nani aruhusiwe, huuliza kwanza: faili hii ni ya nani? Mara nyingi jibu liko hapo.

Haya, tukutane tena.