Saa ya Dabi Ukutani: Mbao za Ghuba ya Chole na Siri ya Namba 6 Kukaa Juu

Ingia kibanda umiza au saluni ya mtaani kwako. Ukutani huwezi kukosa ile saa ya plastiki yenye rangi za Simba au Yanga. Mechi inatangazwa saa 11 jioni, halafu cheki mshale mfupi: umesimama kwenye 5! Watu kibanda kizima wanaona 5, wanasema 11, na hakuna anayeshtuka.

Jamani, huu mchezo ni mkongwe kuliko hata utani wa watani wa jadi wenyewe.

Turudi nyuma kidogo, mpaka Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia. Hapo kati ya Mafia kubwa na kisiwa cha Juani kuna kisiwa kidogo cha Chole. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Chole ndiyo ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani, halafu ofisi zikahamia Kilindoni, upande wenye maji ya kina. Magofu yao yapo mpaka leo, mizizi imeyakumbatia.

Watu wa ghuba hii walikuwa na saa mbili kabla ya saa yoyote ya dukani. Ya kwanza ni maji: yakijaa unavuka, yakipwa chombo kinakaa mchangani kinakusubiri. Ya pili ni jua. Mafia iko karibu nyuzi 8 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo siku ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote zinapishana kama saa moja hivi. Jua likichomoza unaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili, mpaka saa sita jua liko utosini. Likizama unaanza upya. Hesabu safi kabisa, haihitaji betri.

Kisha zikaja saa za Ulaya, na 12 yao juu. Hata masultani walizipenda. Zanzibar, Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, na baada ya Waingereza kuupiga mizinga mji tarehe 27 Agosti 1896, jengo likatengenezwa upya na kuungwa na mnara wa saa. Mnara huo ndio ulioporomoka na sehemu ya jengo tarehe 25 Desemba 2020. Saa ya Sultani imeanguka, lakini lugha haijaanguka. Mpaka leo mtu wa Pwani anaangalia mshale, anasoma namba ya upande wa pili, maisha yanaendelea.

Sasa njoo Kariakoo. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Ila Simba haikuwa Simba tangu mwanzo. Kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, jina la timu ya Uingereza, mpaka 1971 ndipo ikawa Simba. (Wananchi msicheke sana, Young Africans bado ni Kiingereza.) Klabu ikavua jina la kuazima. Saa ya ukutani je? Hiyo bado ni Sunderland.

Na hapa ndipo uzuri wa kutengeneza yako mwenyewe nyumbani unapoonekana. Kiwandani wanakupangia namba. Ukichonga mwenyewe, unapanga wewe.

Mbao? Wenye ghuba yao wanajua. Mafundi wa Chole wanaunda mashua na majahazi ufukweni bila mchoro wa karatasi, kwa jicho, tezo, randa na keekee. Nafasi kati ya mbao wanaziba kwa pamba iliyotiwa mafuta, ndiyo kalafati yenyewe. Ngalawa huchongwa kwa gogo la mwembe. Kwa saa, kipande cha mninga kilichobaki kwa fundi seremala kinatosha, mradi kiwe kimekauka sawasawa. Mbao mbichi itapinda na kupasuka, na saa yako itakuwa kama beki aliyepigwa chenga.

Kata duara la sentimita 30. Piga randa, piga msasa. Toboa tundu katikati kabisa. Nyuma chimba kishimo cha kukaa mashine, maana mbao ikiwa nene ule mhimili mfupi hautatokeza mbele na mishale haitakaa. Mashine yenyewe ya betri moja ni bei ya kawaida, au ng'oa kwenye saa mbovu. Ndani yake kuna kipande cha kwazi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Hapo hugusi kitu.

Paka rangi: nyekundu na nyeupe, au kijani na njano. Mpenzi wa bahari achore tanga la ngalawa, maana mashindano ya ngalawa nayo ni mchezo, tena wa hapa hapa Pwani.

Halafu namba. Juu weka 6. Chini weka 12. Mahali pa 5 weka 11. Mashine haijui tofauti, inazunguka vilevile. Ila jioni ya dabi mshale mfupi utakaa pale pale mtangazaji anaposema, na mtoto anayejifunza kusoma saa hatauliza kwa nini ukuta unasema kingine na baba anasema kingine.

Kuna faida nyingine pia. Boti za faiba zinaongezeka, na vijana wanaoshika tezo hawaongezeki. Mashua si kitu cha kujifunzia wikiendi, lakini duara la sentimita 30 unaliweza. Mkono ukizoea randa kwenye saa, kesho hautaogopa ubao wa chombo.

Haya, watani: yako ungeweka 6 juu au ungeiacha Sunderland? Dondosha maoni hapo chini, na utaje timu bila aibu.