Idadi na Mwiko: Hesabu ya Watu wa Kitui na Makueni

Kuhesabu viumbe hai hakukuwa jambo jepesi kwa Wakamba wa kale. Mifugo iliporudi zizini, mwenyewe aliipitishia jicho tu. Kuitaja idadi yake kuliaminiwa kuleta maafa, na mwiko huo uliwahusu wanadamu pia. Hata hivyo, haifai kudhani kwamba waliokatazwa kuhesabu hawakuwa na hesabu. Lugha yenyewe yashuhudia: katika Kikamba sita ni thanthatũ, yaani tatu na tatu, nane ni nyaanya, yaani nne na nne. Kiswahili nacho kilikuwa na tandatu, kabla ya sita ya Kiarabu kushika mahali pake.

Mwaka 1938 idadi ya ng'ombe iligeuka silaha: serikali ya kikoloni iliwapunguza kwa nguvu huko Machakos, na Muindi Mbingu akawaongoza watu hadi Nairobi kulalamika. Makueni ilitengwa na Machakos mwaka 1992. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 987,653 Makueni na 1,136,187 Kitui.

Zikichambuliwa, namba hizi mbili, zote witiri, hazifanani. Ya Kitui ni zao la vigawo tasa vidogo: kipeo cha nne cha 3, kipeo cha pili cha 13, na 83. Ya Makueni ina viwili tu, 29 na 34,057. Lakini azaliwapo mtoto mmoja Kitui, namba huwa shufwa, na vigawo vyote vile hutoweka. Idadi ya walio hai haitulii. Mwiko wa wazee haukuwa mbali na ukweli huo.