Kusini wavivu, machinga je?

Leo nirudi kwetu Chinongwe kidogo. Hapa chuo ukitaja Ruangwa tu: "Ah, watu wa kusini, wavivu, shule hamtaki!" Utani, sawa. Ila jina la machinga, hao wanaotembea juani kutwa na bidhaa mkononi, wengi husema limetokana na Wamachinga, kabila la Lindi. Sasa mvivu nani hapo?

Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulileta matrekta Nachingwea na reli toka Mtwara. 1951 ukafa, mamilioni ya paundi yakapotea. Sijasikia mtu akisema Waingereza hawajui kulima! Walaumiwa ni wapangaji tu.

Kwetu, Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003. Kabla ya hapo, masika ni kulala njiani. Ukisema "kusini maendeleo yalichelewa" hiyo ni hoja, inapimika, ina sababu. Ukisema "wavivu" unanihukumu hata hujaniona na jembe.

Dada zetu ndio wanabebeshwa zaidi. Binti wa kusini, hata akiongoza darasa, ataulizia unyago huku watu wanacheka. Kaka yake haulizwi jando.