Tarehe ya Mafundi wa Sanamu wa Uchina

Zama za dola ya Shang, yapata miaka 1200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mfalme alipofariki katika mji mkuu wao, mahali paitwapo Anyang hivi leo, watu walichinjwa na kuzikwa pamoja naye ili wamhudumie huko ahera. Na ijapokuwa ada hiyo haikukoma kwa siku moja, kadiri karne zilivyopita nafasi ya wahanga hao ilishikwa na sanamu za mbao na za udongo, hata fundi wa sanamu akawa, pengine pasi na kujua, mwokozi wa roho za watu, na hiyo kwangu ni fahari inayoshinda uzuri wote wa kazi yenyewe.

Qin Shi Huang, aliyezitia nchi za Uchina chini ya utawala mmoja mwaka 221 kabla ya Isa, alifinyangiwa jeshi zima, likakaa ardhini karibu na Xi'an hata mwaka 1974, wakulima waliokuwa wakichimba kisima walipolifumania. Askari hao, wanaokisiwa kufika 8000, wana kimo cha mtu mzima. Kichwa kilifanywa mbali na kiwiliwili, kisha masikio, masharubu na mafundo ya nywele yakamaliziwa kwa mkono, wakapakwa rangi na kushikishwa silaha za kweli. Baadhi yao wamepigwa chapa ya jina la fundi, si kwa ajili ya sifa, bali kasoro ikizuka ajulikane wa kuulizwa.

Dini ya Budha ilipostawi, patasi zilihamia majabalini, kwanza Yungang, kisha Longmen, ambako Malkia Wu alitoa fedha ya uturi na poda zake kusaidia sanamu iliyotimia mwaka 675.

Lakini kubwa kuliko zote iko Leshan, inapokutana mito mitatu iliyokuwa ikizamisha vyombo. Mtawa Haitong aliianza mwaka 713 kwa nia ya kuyatuliza maji hayo, akafa kabla haijesha, na warithi wake wakaitimiza mwaka 803, kimo chake mita 71. Ndani ya mashungi ya nywele na nyuma ya masikio mafundi walificha mifereji, mvua ishuke isije ikalila jiwe. Na kifusi walichokiporomosha mtoni miaka yote hiyo, husemwa, kilipunguza ukali wa mkondo, mabaharia wakapita kwa salama.