Usukani wa Upepo, Usukani wa Dira

Mkata hakuna bahari. Kuna barabara ya Chalinze–Segera, malori yaliyopumzika, na mafundi ambao usukani hauwatoki mdomoni. Neno hilo lilitoka chomboni: ni ubao wa nyuma unaogeuza jahazi, na mkono wake ndio kana. Gari lilipokuja, likalikuta tayari.

Sasa linadaiwa kazi nyingine. Wanaovuka bahari kuu kwa tanga, mtu mmoja au wawili, hufunga kifaa cha kuwashikia kana wakati wamelala. Tukiiteje? Wengi watasema usukani otomatiki. Silipendi jina hilo, maana linaficha swali la kwanza la mnunuzi: kifaa kinamtii nani?

Cha umeme hutii dira. Ukikielekeza kaskazini kitakwenda kaskazini, hata upepo ukigeuka na tanga likabaki likipigapiga. Betri ikilala, nacho kimelala.

Cha pili hutii upepo. Kibao chembamba husimama nyuma ya chombo kikiukabili. Chombo kikipotoka, upepo hukipiga kibao ubavuni na kukilaza. Hakina ubavu wa kuvuta kana, ila huweza kupinda kidogo bapa lililoning'inia majini. Hapo maji yanayopita hulisukuma bapa pembeni kwa nguvu, na kamba zake zikavuta kana. Dereva wa lori hahitaji kuelezwa mara mbili: ni pawa stelingi hiyo, mkono unatoa ishara, oili inasukuma. Ndiyo maana upepo ukiwa mdogo kifaa huzubaa. Maji hayapiti ya kutosha.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1960 Francis Chichester alishinda mashindano ya kuvuka Atlantiki peke yake kwa siku 40, akitumia kifaa alichokiita Miranda, kibao kikubwa kama tanga dogo, kikivuta kana chenyewe. Blondie Hasler, aliyekuwa wa pili, ndiye aliyebuni bapa hilo linaloning'inia majini.

Kwa hiyo naviita kwa bwana wao: usukani wa dira na usukani wa upepo. Jina la pili linabeba na onyo lake. Upepo ukihama usiku, chombo huhama nao bila kumwamsha mtu. Katikati ya bahari hilo ni dogo. Baina ya Pangani na Pemba, pale umande wa nchi kavu unapopokezana na upepo wa baharini, ni kupanda mwambani. Huko funga wa dira, na usilale.