Nairobi hadi New York: Historia ya Nauli

Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800 angani. Umbali huo haujawahi kubadilika. Masaa ndiyo yamepungua, na kila nikifuatilia yalivyopungua, naona injini ni sehemu ndogo tu ya stori.

Tarehe 28 Oktoba 2018, Boeing 787 ya Kenya Airways iliruka kutoka JKIA hadi New York bila kutua popote, safari ya kama masaa 15. Lakini ndege zenye uwezo huo zilikuwepo miaka mingi kabla. Kulikuwa na karatasi za kungoja. Ni Februari 2017 tu ambapo Marekani iliuweka usimamizi wetu wa usalama wa anga katika daraja la kwanza. Bila hiyo, shirika la Kenya halingeweza kupeleka ndege zake kule.

Sasa rudi Septemba 1959. Vijana 81 wanaondoka Nairobi kwenda kusoma Marekani, kwa mpango wa Tom Mboya na marafiki zake wa huko. Hakuna ndege ya abiria ya wakati huo iliyoweza kumaliza kilomita hizo bila kushuka kujaza mafuta. Hata hivyo, shida yao kubwa ilikuwa chini, si angani. Nafasi vyuoni walikuwa nazo. Nauli ndiyo haikuwepo, na serikali ya kikoloni, iliyopendelea Makerere na vyuo vya Uingereza, haikuupenda mpango huo.

Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo hapo huwa nasoma polepole. Barua ya admission mkononi na mfuko mtupu: hiyo naijua.

Mboya alizunguka Marekani akihutubia na kuomba. Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson walitia sahihi barua ya kuchangisha pesa. Huku nyumbani, wazazi na majirani walichanga walichokuwa nacho. Mwaka wa 1960 nauli ikawa shida tena. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imekataa kusaidia, kisha wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000.

Mmoja wa waliosafiri 1960 ni Wangari Maathai. Kwake New York haikuwa mwisho wa safari. Kutoka hapo alipanda basi hadi Atchison, Kansas, kilikokuwa chuo chake. Alirudi nyumbani 1966.

Siku hizi mtoto wa jirani akipata chuo ng'ambo, tunaundiwa grupu ya WhatsApp na namba ya M-Pesa inawekwa hapo juu. Ndege itamchukua masaa 15. Kumtoa mtaani hadi kwenye hiyo ndege bado kunachukua miezi, na bado ni majirani wanaohesabu.